Nani Atanoa Jembe Lako?

Somo la 9

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: 2 Nyakati 26:3–16, 1 Samweli 13:15–22, Kutoka 31:1–6, Waebrania 5:11–14, Matendo 17:10–12, Matendo 19:13–16, Luka 4:1–13, Mathayo 25:1–13.

Fungu la Kukariri: Waebrania 5:14. Lifungue katika Biblia yako mwenyewe, uliandike kwa mkono, na ulikariri kabla ya Sabato ijayo.

Waulize wanadarasa wenzako swali moja dogo: Ni namba ngapi za simu wanazikumbuka kichwani? Wengi watataja yao wenyewe, pengine na ya mume au mke, kisha watanyamaza. Zamani tuliziandika kwenye daftari, na zile za muhimu tukazishika kwa moyo. Siku hizi simu inazishika kwa niaba yetu, nasi tumeziachilia.

Jambo hilo halina madhara makubwa. Lakini namba za simu zilikuwa mwanzo tu. Baadaye tuliikabidhi simu hesabu zetu, kisha njia za mjini, kisha tahajia. Sasa imekuja akili mnemba, ambayo wengine huiita akili unde. Hiyo huandika barua, hujibu maswali ya mtihani, hutunga sala, na hutoa muhtasari wa hubiri kabla mhubiri hajafunga mlango wa chumba chake. Mashine hizi zimeunganishwa, zinatufuata mfukoni, na hazichoki kuulizwa.

Juma hili hatutauliza kama kutumia mashine ni dhambi. Tutauliza swali gumu zaidi: Ni kazi zipi tunazoweza kumkabidhi mwingine bila hasara, na ni zipi ambazo tukizikabidhi sisi wenyewe tunadhoofika? Biblia haitaji simu janja wala intaneti. Hata hivyo inamtaja mfalme aliyekuwa na mitambo, na taifa ambalo halikuwa na mhunzi hata mmoja.

Jifunze somo la juma hili ili kujiandaa kwa ajili ya Sabato ijayo.

JUMAPILI
Mitambo ya Mfalme Uzia

Soma 2 Nyakati 26:3–16. Uzia alifanikiwa katika mambo gani? Badiliko lilianzia wapi?

Uzia alitawazwa akiwa kijana wa miaka 16, akatawala Yerusalemu miaka 52. Alichimba visima, alijenga minara, alikuwa na mifugo mingi, tena aliipenda kazi ya kulima. Fungu la 15 linaongeza jambo tusilolitarajia. Mafundi wake walibuni mitambo, wakaiweka juu ya minara na kwenye pembe za ukuta, ili irushe mishale na mawe makubwa. Kazi iliyohitaji mikono ya askari wengi sasa ilifanywa na chombo kilichobuniwa na akili ya mwanadamu.

Mwandishi wa Nyakati hatoi neno hata moja la lawama juu ya mitambo hiyo. Anaitaja pamoja na visima, ng'ombe na mashamba ya mizabibu, kama ushahidi kwamba Mungu alimsaidia mfalme kwa namna ya ajabu. Akili inayobuni ni zawadi ya Muumba, na matunda yake mema tunayaona kila siku. Ndugu asiyeona anaisikiliza Biblia ikisomwa na simu. Mama aliyeko kijijini anapokea fedha kutoka kwa mwanawe aliyeko mjini bila kupanda basi. Wengi wetu tunalisoma somo hili hili kwenye kioo cha simu, na kitabu cha nyimbo kimo humo humo.

Lakini angalia mahali hadithi inapogeuka. Msaada uliendelea mpaka Uzia alipokuwa na nguvu. Alipokuwa na nguvu, moyo wake ukainuka, akaingia hekaluni kufukiza uvumba, kazi ambayo haikuwa yake. Alitoka humo akiwa na ukoma. Mitambo haikumwangusha, wala kuivunja kusingemponya. Tatizo lilikuwa kwamba mtu aliyezoea kupata kila alichokitaka alisahau kuwa kuna mlango asioweza kuuingia kwa nguvu zake.

Hapo ndipo hatari ya kwanza ya mashine werevu ilipo. Mtu anayepata jibu la kila swali kwa sekunde chache anaweza kuanza kujiona kuwa anajua. Kumbe kinachojua kiko nje yake, naye amekuwa msomaji tu wa kioo. Kuwa na majibu mengi mfukoni si sawa na kuwa na hekima, na Mithali 1:7 inatukumbusha maarifa ya kweli yanaanzia wapi.

Taja chombo kimoja cha kisasa ambacho Mungu amekitumia kukubariki. Ni lini mara ya mwisho ulimshukuru Yeye kwa ajili ya chombo hicho?

JUMATATU
Nchi Isiyo na Mhunzi

Soma 1 Samweli 13:15–22. Wafilisti waliwadhibitije Waisraeli? Kwa nini mbinu hiyo ilikuwa ya hatari kuliko jeshi?

Hii ni mojawapo ya habari za ajabu katika vitabu vya Samweli. Wafilisti hawakuwanyang'anya Waisraeli majembe yao. Hawakuwazuia kulima wala kuvuna. Walihakikisha jambo moja tu: kwamba hapakuwa na mhunzi katika nchi yote ya Israeli. Jembe likiwa butu, mkulima alishuka kwa Mfilisti. Shoka likipoteza makali, alishuka tena. Alihudumiwa, akalipa, akarudi nyumbani kuendelea na kazi.

Alilipa kiasi gani? Katika fungu la 21 baadhi ya tafsiri za zamani zinataja tupa, kwa sababu neno la Kiebrania "pim" halikueleweka. Baadaye mawe madogo ya kupimia yenye neno hilo yalichimbuliwa katika nchi ya Biblia, na uzito wake ni kama theluthi mbili za shekeli. Kwa hiyo tafsiri nyingi za leo zinataja bei. Mwisraeli alilipa fedha kwa adui yake ili adui amfanyie kazi ambayo baba zake pengine waliweza kuifanya wenyewe.

Tunaweza kuwaza jinsi mpango huo ulivyoonekana kuwa wa busara. Mfilisti alikuwa fundi mzuri. Tanuru lake lilikuwa la moto, na kazi yake ilikuwa ya haraka. Kwa nini kijana ajisumbue miaka mingi akipuliza mivukuto na kuungua vidole, wakati kuna mtu wa kumfanyia? Mwaka wa kwanza hakuna aliyeona hasara. Lakini wazee waliojua kufua chuma walikufa, na watoto wao hawakuwa wamejifunza. Ujuzi haukuporwa kwa upanga. Ulikauka wenyewe kwa kukosa kutumika.

Hasara ilionekana siku moja tu, nayo ilikuwa siku ya vita. Fungu la 22 linasema kwamba siku hiyo hapakuwa na upanga wala mkuki mkononi mwa yeyote katika watu waliokuwa pamoja na Sauli na Yonathani. Wawili hao peke yao ndio waliokuwa na silaha. Watu 600 walisimama mbele ya adui, na kila mmoja alikuwa na jembe lililonolewa vizuri sana nyumbani.

Sura inayofuata inaonyesha kwamba Mungu hakushindwa. Alimtumia Yonathani na mchukua silaha zake, na Yonathani mwenyewe alikiri kuwa kwa Bwana wingi au uchache wa watu si kizuizi (1 Samweli 14:6). Neema ya Mungu inaweza kuokoa hata taifa lisilo na upanga. Lakini neema hiyo haigeuzi uzembe kuwa busara, wala haikuandikwa ili tuache kufundisha wahunzi.

Linganisha na nyumba zetu. Mtoto anayepewa na mashine kila jibu la kazi ya shule anapata alama nzuri muhula huu. Jembe lake linakata. Je, ndani ya nyumba yako kuna mhunzi anayefundishwa?

Ni ujuzi gani ambao wazazi wako walikuwa nao, wa mikono au wa kiroho, ambao watoto wako hawana? Ulipoteaje?

JUMANNE
Akili Zilizozoezwa

Soma Waebrania 5:11–14. Paulo anawalaumu wasomaji wake kwa jambo gani? Anasema uwezo wa kupambanua mema na mabaya unapatikanaje?

Waumini hawa walikuwa wamekaa katika imani muda wa kutosha kuwa walimu. Badala yake walihitaji kufundishwa upya mambo ya mwanzo, kama mtoto anayerudi kwenye maziwa. Paulo hasemi walikosa taarifa. Anasema walikuwa wazito wa kusikia. Kisha anaeleza siri ya watu wazima: kwa kutumia, tena na tena, fahamu zao zimezoezwa. Neno alilotumia la Kiyunani, "gumnazo", ni la wanariadha, na ndilo shina la neno letu "jimu". Hakuna anayejenga msuli kwa kumtazama mwingine akinyanyua vyuma.

Mungu aliyetuumba aliweka kanuni hii ndani ya mwili wenyewe. Jijini London, mtu anayetaka kuendesha teksi nyeusi za jiji hilo hupaswa kujifunza kichwani mitaa ipatayo 25,000 iliyo ndani ya maili sita kutoka Charing Cross. Kazi hiyo humchukua miaka mitatu, minne, au zaidi. Mwaka 2000 mwanasayansi Eleanor Maguire na wenzake walichapisha uchunguzi wa ubongo wa madereva hao. Sehemu ya nyuma ya hipokampasi, kiungo cha ubongo kinachohusika na kumbukumbu na njia, ilikuwa kubwa kuliko ya watu wengine. Uchunguzi uliofuata mwaka 2011 uliwafuatilia wanafunzi tangu mwanzo wa masomo. Waliofaulu walionyesha badiliko hilo, na wasiofaulu hawakulionyesha. Ubongo ulikuwa umekua kwa kufanya kazi.

Kanuni hiyo inafanya kazi pia kinyume chake. Mwezi Agosti 2025, jarida la kitabibu lilichapisha utafiti kutoka vituo vinne vya nchini Poland. Madaktari wenye uzoefu wa kuchunguza utumbo mpana kwa kamera walikuwa wameanza kusaidiwa na akili mnemba kutafuta vivimbe vinavyoweza kugeuka kuwa saratani. Watafiti walipima jinsi madaktari walivyofanya katika vipimo ambavyo mashine haikutumika. Kabla ya ujio wa mashine, waligundua vivimbe katika asilimia 28.4 ya vipimo hivyo. Baada ya kuizoea, asilimia hiyo ilishuka hadi 22.4. Utafiti mmoja haumalizi jambo, na mashine yenyewe inaweza kuwasaidia wagonjwa wengi. Lakini onyo lake linaeleweka: jicho lililozoea kuonyeshwa linaanza kusahau kutafuta.

Soma Kutoka 31:1–6. Bezaleli alijazwa Roho wa Mungu kwa ajili ya kazi gani?

Mara nyingi tunamfikiria Roho Mtakatifu tunapozungumzia kuhubiri na kuomba. Hapa Roho anampa mtu ujuzi wa kuchonga mbao, kukata vito, na kufanya kazi ya dhahabu. Ujuzi wa mikono na akili ni karama takatifu. Bwana angeweza kuishusha hema ikiwa imekamilika kutoka mbinguni. Aliamua watu wake waijenge, kwa maana katika kuijenga wao wenyewe walikuwa wanajengwa.

Hii inatusaidia kujibu swali la Sabato. Kazi nyingine tunaifanya ili tu matokeo yapatikane. Kusaga unga ni kazi ya namna hiyo, na hatumlaumu anayepeleka mahindi mashineni badala ya kutwanga. Lakini kuna kazi ambazo Mungu ametupa ili kutukuza sisi tunaozifanya. Kufikiri, kusoma Neno, kumlea mtoto, kumfariji mfiwa na kupambanua jema na baya ni kazi za aina hii ya pili. Tukimpa mwingine azifanye, tunaweza kupata matokeo, lakini tumekosa kusudi.

Katika kazi unazozifanya kila siku, ni ipi ambayo Mungu anaitumia kukukuza wewe mwenyewe?

JUMATANO
Imani ya Kuazima

Soma Matendo 17:10–12. Kwa nini watu wa Beroya wanasifiwa?

Mhubiri aliyesimama Beroya alikuwa Paulo mwenyewe. Kama kuna mtu ambaye mafundisho yake yangeweza kupokelewa bila kuchunguzwa, ni yeye. Hata hivyo Waberoya walirudi kwenye Maandiko kila siku kuhakikisha kama aliyosema ni kweli. Luka hawalaumu kwa kutomwamini mtume. Anawaita waungwana. Ikiwa maneno ya mtume aliyeongozwa na Roho yalistahili kupimwa, je, maneno ya mashine isiyomjua Mungu, isiyowahi kulia wala kutubu, yasipimwe?

Tukumbuke mashine hizi zinafanyaje kazi. Zimelishwa maandishi mengi mno ya wanadamu, mazuri na mabaya, ya kweli na ya uongo. Kutokana na hayo hukisia ni neno gani linafaa kufuata lingine. Kwa hiyo huweza kutaja fungu la Biblia ambalo halipo, au kumwekea Ellen White maneno ambayo hakuyaandika, kwa sauti ya uhakika kabisa. Asiyeijua Biblia yake hawezi kugundua. Atakayenufaika na chombo hiki ni yule ambaye tayari amezoezwa kupambanua.

Soma Matendo 19:13–16 na Yeremia 23:30. Wana wa Skewa walikosa nini, ingawa maneno yao yalikuwa sahihi?

Wana saba wa Skewa walitumia jina la kweli, jina la Yesu. Walimtaja kama Yesu anayehubiriwa na Paulo. Maneno yao hayakuwa na kosa, ila yalikuwa ya kuazima. Pepo akajibu kwamba Yesu anamjua na Paulo anamfahamu, lakini hao hakuwatambua. Wakakimbia nyumba ile wakiwa uchi na wamejeruhiwa. Kabla yao, Yeremia alikuwa amewaonya manabii waliokuwa wakiibiana maneno ya Bwana, kila mmoja akichukua kwa jirani yake.

Hatari hii imeingia kanisani kimya kimya. Mwalimu wa darasa la Shule ya Sabato anaweza kuamka asubuhi, akaomba mashine imjibie maswali yote ya juma, na saa tatu akasimama mbele ya darasa. Majibu ni mazuri, na Kiswahili chake kimenyooka. Lakini katika darasa hilo ameketi dada aliyefiwa na mwanawe siku ya Jumatano, na kijana anayefikiria kuacha imani. Hao hawahitaji majibu yaliyonyooka. Wanahitaji mtu aliyekesha na Neno hilo hilo, likamchoma, likamfariji, naye akaja akiwa bado na machozi yake.

Hatuwezi kuweka sheria kwa kila darasa, lakini utaratibu mmoja unaweza kutusaidia. Kwanza, omba. Pili, soma fungu lenyewe mara kadhaa kabla ya kusoma maelezo ya mtu yeyote. Tatu, andika jibu lako, hata kama ni fupi. Kisha, ukipenda, linganisha na vitabu, ndugu, au mashine, na upime yote kwa Maandiko kama Waberoya. Anayeanza na jibu la mwingine mara nyingi haendi mbali zaidi ya hapo. Anayeanza na Neno anakuja kwenye msaada akiwa na kipimo mkononi.

Kama maombi na masomo yako ya juma lililopita yangechunguzwa, ni sehemu gani iliyo yako, na ni sehemu gani uliyoazima?

ALHAMISI
Kelele za Usiku wa Manane

Soma Luka 4:1–13. Yesu alimjibuje Shetani jangwani? Alikuwa na nini mkononi?

Yesu alikuwa na njaa ya siku 40, peke yake, bila gombo na bila mwalimu pembeni. Mara tatu alijibu kwa Maandiko, na majibu yote matatu yanatoka katika Kumbukumbu la Torati. Hata adui naye alitaja Maandiko. Kwa hiyo haikutosha kuyakumbuka maneno tu. Ilihitajika akili iliyozoezwa kuona mahali fungu lilipopindishwa. Kijana wa Nazareti alikuwa amejiandaa kwa siku hiyo miaka mingi kabla ya kuingia jangwani.

Soma Mathayo 25:1–13. Kwa nini wanawali wenye busara hawakugawa mafuta yao?

Wanawali wote kumi walikuwa na taa. Wote walisinzia. Wakati wa kawaida hakuna ambaye angewatofautisha. Ni kelele za usiku wa manane zilizoonyesha nani alikuwa na akiba. Wapumbavu waliomba mafuta, wakaambiwa waende kununua. Jibu hilo linaonekana gumu, lakini lilikuwa la kweli tu: kuna vitu ambavyo haviwezi kuhamishwa kutoka chombo kimoja kwenda kingine saa ya mwisho. Tabia haiazimwi, wala kumjua Mungu.

Hata katika mambo ya dunia hii, saa ya ghafla huonyesha kilichomo ndani ya mtu. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Juni 2009, ndege ya Air France, safari namba 447, ilikuwa juu ya bahari ya Atlantiki ikitoka Rio de Janeiro kwenda Paris. Ilikuwa katika kimo cha futi 35,000, ikijiendesha yenyewe kwa mtambo wake. Chembe za barafu ziliziba vijibomba vinavyopima mwendo wa ndege. Mtambo, ukiwa haujui tena mwendo halisi, ulijizima na kuwarudishia marubani usukani. Vipimo vilivurugika kwa muda wa dakika moja hivi. Ndege yenyewe ilikuwa nzima. Lakini katika mshtuko ule rubani aliyekuwa akiongoza aliinua pua ya ndege, mbawa zikapoteza uwezo wa kuibeba, na baada ya dakika zipatazo nne ikaangukia baharini. Watu wote 228 waliokuwamo walikufa. Wachunguzi wa Ufaransa walitoa ripoti ya mwisho mwaka 2012. Pamoja na sababu nyingine, walieleza kwamba marubani hawakuwa wamefanyishwa mazoezi ya kuongoza ndege kwa mkono katika kimo kile, vipimo vya mwendo vikiwa haviaminiki.

Hatuelezi habari hii ili kuwalaumu marehemu, wala kuwatia watu hofu ya kusafiri. Mitambo hiyo imeokoa maisha mengi. Lakini tafakari saa ile: chombo kilichokuwa kikibeba mzigo wote kikanyamaza ghafla, gizani, na kikasema kwa kunyamaza kwake, "Sasa ni wewe."

Sisi Waadventista tunaamini kwamba saa kama hiyo inaikaribia dunia. Ufunuo 13 inazungumzia wakati ambapo watu waaminifu watazuiwa hata kununua na kuuza. Hatujui kama siku hiyo simu zetu zitakuwa na chaji, wala kama mtandao utakuwa wazi kwa ajili yetu. Watu wa Mungu wamewahi kupita katika njia kama hiyo. Wawaldensi, katika mabonde ya milima ya Alpi, waliishi nyakati ambazo Maandiko yalikuwa adimu na kuwa nayo kulikuwa hatari. Walinakili kwa mkono, na wakawakaririsha vijana wao vitabu vizima vya Injili. Kitabu kingeweza kuchomwa, lakini kilichokuwa moyoni mwa kijana kilivuka naye mpaka.

Mwito wa juma hili si wa hofu. Bwana arusi anakuja, na anawapenda wanawali wake. Yule anayetuita kujiandaa anatupa pia Roho wake, ambaye Yohana 14:26 inasema atatukumbusha. Lakini Roho hukumbusha kile ambacho tuliwahi kukipokea. Mpe kitu cha kukukumbusha.

Kama leo ungenyang'anywa simu na Biblia yako ya karatasi kwa mwezi mmoja, ni sehemu gani za Neno la Mungu ambazo zingebaki nawe?

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Soma sura ya kwanza ya kitabu cha Ellen G. White kiitwacho Elimu, kilichotolewa mwaka 1903. Humo anafundisha kwamba kila mwanadamu, aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu, amepewa uwezo unaofanana na wa Muumba wake, yaani uwezo wa kufikiri na kutenda. Kwa sababu hiyo anaona kuwa kazi ya elimu ya kweli ni kuukuza uwezo huo, ili vijana wawe watu wanaofikiri wenyewe, wasiwe vioo vya kurudisha mawazo ya wengine. Aliandika hayo miaka mingi kabla ya kompyuta. Wakati ule kioo kilikuwa ni mwalimu au kitabu. Leo kioo kimekuwa chepesi zaidi, na kinakaa mfukoni.

Soma pia katika Pambano Kuu sura inayowahusu Wawaldensi, na ile inayoeleza jinsi Maandiko yalivyo kinga yetu katika siku za mwisho. Angalia anavyosisitiza kwamba watakaosimama katika pambano la mwisho ni wale walioimarisha akili zao kwa kweli za Biblia.

Tulianza juma na mitambo iliyokuwa juu ya kuta za Yerusalemu, nayo ilikuwa baraka. Tukaona wakulima wakishuka kwa Wafilisti na majembe yao, wakarudi wakiwa wameridhika, hadi siku ya vita. Mungu hatukatazi kutumia chombo kizuri. Anatutaka tuwe na mhunzi nyumbani. Jioni hii Sabato inapoingia, weka simu kando kwa saa moja. Ikusanye familia, fungueni Biblia moja, na kila mmoja, pamoja na mtoto mdogo kuliko wote, aeleze kwa maneno yake mwenyewe alichokisikia.

Maswali ya Kujadili

1. Paulo aliwakuta Waberoya wakiyachunguza Maandiko kila siku. Darasa lenu linafanya nini ambalo lingemfanya mgeni aseme hivyo hivyo juu yenu?

2. Mwanafunzi Mwadventista anasema, "Shuleni wenzangu wote wanatumia akili mnemba kufanya kazi walizopewa. Nisipoitumia nitabaki nyuma." Mtamshaurije bila kumvunja moyo na bila kulipuuza tatizo lake?

3. Mchungaji mwenye makanisa mengi anatumia mashine kumsaidia kupanga mawazo ya hubiri, kwa sababu muda haumtoshi. Ni wapi msaada huo unafaa, na ni wapi unaanza kuwa wa wana wa Skewa? Kanisa lenyewe lifanye nini kumpunguzia mzigo?

4. Kumbukumbu la Torati 6:6–7 inawapa wazazi kazi ya kuwafundisha watoto Neno wakiwa nyumbani na njiani. Ni sehemu gani ya kazi hiyo ambayo simu inaweza kusaidia, na ni sehemu gani ambayo hakuna chombo kinachoweza kuifanya?

5. Watu wengine kanisani wanakataa kila kitu kipya, na wengine wanakipokea kila kitu bila kupima. Habari ya Uzia na habari ya wahunzi zinayasahihishaje makundi yote mawili?

6. Kabla ya kufunga, kila mwanadarasa aliseme fungu la kukariri bila kuangalia popote. Anayesahau asionewe haya. Mwenzake amsaidie kwa neno moja, kisha aendelee mwenyewe hadi mwisho.